Kikanyagio cha Upande wa Kushoto

Niseme kabisa tangu mwanzo, mtu asije akanionea huruma njiani: chuma kile nilikikata kwa hiari yangu, mchana kweupe, akili zangu zikiwa timamu. Grainda ya kukatia chuma alishika rafiki yangu, lakini aliyechora mstari wa chaki pa kupita ile sahani yake ni mie. Yeye alikuwa anafuata mstari tu.

Pikipiki ilikuwa ya baba. Alikuwa msoma mita za maji, na ofisi yao ilipobadilisha vyombo vya usafiri wakaviuza vile vya zamani kwa mnada. Baba akainunua ileile aliyokuwa anaiendesha siku zote. Ya Kijapani, injini ya mia na ishirini na tano, tangi jekundu lenye mstari mweupe, imetengenezwa mie sijazaliwa. Aliipanda mpaka macho yakaanza kumsumbua, halafu akaiegesha uani kwetu Kimara, chini ya bati, akaifunika turubai. Watu walikuwa hawaishi kuja kuulizia kama inauzwa. Baba akawa anawajibu kwamba hana ruhusa, pikipiki ni ya mkewe. Sie tulikuwa tunachekaga, kwa sababu mama hata kupiga kiki hajui.

Lakini ukweli ni kwamba ilikuwa ya mama. Mama ni mtu wa Temeke, kwa watu wa Pwani wenyewe, na hajawahi hata siku moja kupanda pikipiki kwa kutanua miguu. Anakaa upande, baibui kalikusanya mapajani, mkono mmoja kwenye keria na mwingine kiunoni kwa baba. Mwanzoni miguu ilikuwa inaning'inia, na kila kwenye shimo kisigino kinagonga kwenye spoki. Baba akaenda kwa mchomeleaji akatengenezewa kikanyagio, kibao cha chuma kipana kiasi cha kiganja, kikachomelewa kwenye fremu upande wa kushoto, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Akakivisha mpira wa tyubu ya gari ili mguu usiteleze. Mpira ukichakaa anaubadilisha. Mama akipanda, mguu unakanyaga hapo kwanza, ndipo anajinyanyua na kugeuka kukaa, na mguu unabaki hapohapo mpaka wafike.

Walikokuwa wanakwenda ni Bunju. Dada yake mama, ambaye kwangu mie ni mama mkubwa, anakaa huko, na kila mwezi ilikuwa lazima waende. Wanakata Goba, wanatokea Madale, wanashuka Tegeta, halafu Bunju. Wanarudi jioni na samaki kwenye mfuko na vumbi mpaka kwenye kope.

Baba alifariki msimu wa mvua za vuli. Siku ya nne, watu wamepungua, sufuria za kukodi zimesharudishwa, mama aliniita chumbani. Alikuwa ameshaanza eda, amekaa kwenye mkeka na kanga zake nyeupe. Mama mkubwa hakuweza kuja kwenye msiba, miguu imemwishia, kitandani anashushwa na watu. Mama hilo lilikuwa linamkaa rohoni kuliko nilivyodhani.

"Iwashe ile pikipiki," akaniambia. "Eda ikiisha unipeleke Bunju kwa dada yangu. Unipakie kama baba yako alivyokuwa ananipakia."

Nikasema ndiyo, mama. Na hapa ndipo nianze kujisema. Msibani mtu anaitikia kila kitu. Mjane akitaka mwezi unasema ndiyo mama, utaletwa. Nililichukua ombi lake hivyohivyo, nikaona ni maneno ya uchungu, na kwamba siku ya siku atakuwa amesahau, tutakodi gari lenye kiyoyozi. Miezi minne na siku kumi mbele yangu, nikaona ni mingi mno.

Pikipiki nikaianza Jumamosi ya kwanza. Kazi yangu ni ya mezani, nasukuma makaratasi ya mizigo ya watu kutoka asubuhi mpaka jioni, na mikono yangu ilikuwa haijashika spana tangu nikiwa mdogo namshikia baba tochi. Injini ilikuwa haijawashwa miaka saba. Pistoni imegandia ndani ya silinda kabisa, nikaimwagia dizeli nikaiacha wiki nzima, kisha nikaigonga kwa kipande cha mbao, polepole, mpaka ikakubali. Kabureta lilikuwa na uchafu mgumu kama ukoko wa ugali. Ringi na plagi nilizipata kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, kwa mzee mmoja ambaye alinitukana kwanza kwa kuja na jina badala ya kuja na kifaa kibovu mkononi, halafu akanipa nilichotaka. Nilifurahi. Nisidanganye, nilifurahi sana, wakati nilipaswa kuwa mtu wa majonzi.

Mama alikuwa ananifuatilia kutoka dirishani. Chumba chake kinatazama uani, na kwa kuwa yuko eda, na rafiki yangu mchomeleaji anaingia na kutoka, alikuwa haji nje. Alikaa nyuma ya pazia. Ananiuliza nimefika wapi, namweleza, naye anasema haya. Asubuhi nikiwa peke yangu alikuwa anatoka kidogo, anaishika siti, anarudi ndani.

Siku injini ilipowaka, nilipiga kiki mara nyingi mpaka mguu ukafa ganzi, ikakohoa, ikatoa moshi wa bluu, ikashika. Nilizima haraka, nikiogopa kwamba nimepiga kelele kwenye nyumba ya msiba. Pazia likasogea kidogo. Mama akasema, kwa sauti ndogo sana, niiwashe tena. Nikaiwasha nikaiacha ikinguruma mpaka mafuta ya ile chupa niliyoitundika badala ya tangi yakaisha. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Tatizo lilikuwa grupu. Kwenye simu nilikuwa nimejiunga na watu wanaopenda pikipiki za zamani, wa Dar na wa mikoani, na nilikuwa natuma picha kila hatua. Mwanzoni walinipongeza. Halafu mmoja akaandika kwamba mbele inatisha lakini nyuma inatia aibu, ile keria ni ya kubebea mkaa. Mwingine akauliza kile kibao pembeni ni cha nini, cha kukatia nyama? Wakacheka wote, kicheko cha vikatuni vya machozi. Sijui ni nini kiliniingia. Mie mtu mzima, nina watoto, kichwa kikavimba kwa maneno ya watu ambao sijawahi kuwaona. Wakanitumia picha za pikipiki zilizokatwa nyuma, siti fupi imepanda juu kidogo, madigadi hakuna, zimenyooka safi. Nililala na picha zile.

Nikaanza kujipangia hoja. Baba angependa iwe nzuri. Mama amezeeka, goti la kulia bovu, atapanda pikipiki kweli? Mpaka Bunju? Na hata akipanda, si atakaa tu. Niliyajibu maswali yangu yote kwa namna iliyonifaa, na kila jibu lilinipa ruhusa. Kikanyagio chenyewe nilikijua ni cha nini. Nilikuwa nimeuona mguu wa mama pale tangu nina akili, mimi nikiwa nimekaa kwenye tangi mbele ya baba. Na hakikuwa na kutu ya maana, kimechomelewa na mtu aliyejua kazi.

Jumapili ile rafiki yangu alikuja na grainda na mashine yake ya kuchomelea. Nikachora mistari. Keria ikatoka, kipande cha fremu cha nyuma kikatoka, madigadi ikatoka. Kikanyagio tukakiacha mwisho kwa sababu kilikuwa karibu na cheni na panahitaji uangalifu. Grainda ilipokigusa tu, mama akaniita.

Kwetu ukiitwa na mama unaitika "naam" kwanza, mengine baadaye, hata kama uko bafuni umejaa sabuni. Tumelelewa hivyo kwa fimbo. Kuitwa na kunyamaza ni jambo ambalo hata wahuni wa mtaani kwetu hawalifanyi kwa mama zao. Nilimsikia. Nilikuwa nimeinama, mgongo kwa dirisha, nikauchuna. Akaita mara ya pili, "Mwanangu," akiipandisha sauti juu ya ule mlio. Rafiki yangu akainua grainda ikiwa bado inalia, akaniambia sikioni bi mkubwa anaita. Nikamwambia anataka maji tu, kata.

Akakata. Kilichukua muda, cheche zikaruka mpaka kwenye ukuta, kikaanguka kwenye mchanga na mpira wake umeungua pembeni. Mama hakuita tena. Nilipoingia ndani baadaye kumuuliza kama alikuwa na haja, nimenawa, nimevaa uso wa mtu mwema, alisema hapana, imeshapita.

Mchana huohuo alipita mtu wa mkokoteni anayenunua chuma chakavu. Nikamkusanyia kila kilichotoka, keria, madigadi, spoki mbovu, egzosi ya zamani, na kikanyagio juu. Nilitaka uani pawe pasafi kabla mama hajatoka asubuhi. Ndivyo ilivyokuwa, nilikuwa naficha.

Rangi nilipuliza mwenyewe, tabaka kwa tabaka, nyeusi ya kung'aa. Siti nikashonesha ya ngozi ya kahawia, ya mtu mmoja na nusu. Nilipomaliza, watu wa grupu walichanganyikiwa. Wapo walioniuliza kama nachukua kazi za watu. Mama aliiona asubuhi moja kabla sijaenda kazini. Aliizunguka, akasema imekuwa nyeusi. Nikasema ndiyo, mama. Akasema inang'aa. Upande wa kushoto ulikuwa ukutani, mimi ndiye niliyeiegesha vile.

Eda ikaisha. Wanawake wa ukoo walikuja kumtoa, wakamwogesha, wakamvalisha, nyumba nzima ikanuka udi. Mimi nilikuwa sebuleni na funguo za gari la jirani mfukoni. Nilikuwa nimeshaliazima. Mama akatoka na dera jipya na baibui juu, mtandio wa rangi ya maziwa, mkoba wake mdogo begani, amependeza jamani, karibu nilie. Nikamwambia gari lipo nje. Akanitazama kama sijamwelewa.

"Gari la nini?" akasema. "Toa pikipiki."

Nikaitoa. Ningefanya nini? Wanawake wote wamesimama kibarazani wanatazama. Nikapanda, nikaisimamisha vizuri, miguu chini pande zote mbili. Mama akaja upande wa kushoto, akashika bega langu kama alivyokuwa anashika la baba, akakusanya baibui, akanyanyua mguu. Hakutazama chini. Miaka yote ile hakuwahi kutazama chini. Mguu ukashuka pale kilipokuwa kikanyagio, ukakuta hewa. Ukaenda mbele kidogo, ukarudi nyuma, ukapapasa. Nilikuwa nauona kwa pembe ya jicho, kiatu chake kipya, kinatafuta. Ndipo akainama akatazama, akakuta fremu laini, nyeusi, inang'aa.

"Kiko wapi?"

Nikamwambia kilikuwa kimeoza, mama. Kimeliwa na kutu. Kingekuangusha.

Uongo ulitoka mzima mzima, wala haukuwa na kigugumizi. Mama akashusha mguu chini. Akalipapasa baibui lake pale mapajani, akasema haya, si neno, twende na hilo gari. Nikasema gari lipo tayari. Halafu akabadilisha, akasema bajaji inatosha, hataki kusumbua gari la watu. Tukaenda Bunju kwa bajaji, mie na yeye nyuma, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mie nilikuwa natazama shingo ya dereva.

Kwa mama mkubwa walilia kwanza, wamekumbatiana pale kitandani, msiba wa miezi minne umefunguka upya. Walipotulia, mama mkubwa akauliza mbona hawakusikia mlio. Alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba mdogo wake atakuja na pikipiki ya marehemu, na tangu asubuhi kalitegea sikio geti. Nikataka ardhi ipasuke. Mama akamjibu yeye, haraka, kabla yangu. Akasema mwanawe kaitengeneza pikipiki imekuwa kama ya dukani, ila pale pa kukanyagia palikuwa pameoza, kijana akaona asimwangushe mama yake. Akaongeza kwamba nimehangaika nayo mno, kila Jumamosi na Jumapili, mikono imechubuka. Mama mkubwa akaniombea dua. Alinishika kichwa, akaniombea kizazi chema, nami nikaitikia amina kila alipopumzika.

Sijawahi kunywa chai chungu kama ile, na ilikuwa na sukari tele.

Baada ya hapo nilikuwa mtu wa kujikosha. Namnunulia mama hiki, namletea kile, nafoka nyumbani kwa mke na watoto bila sababu halafu kwa mama nakuwa laini. Nilimrudia rafiki yangu, tukachomelea kikanyagio kipya, bora kuliko cha zamani, cha kukunja, na mpira wa dukani. Siti nikairefusha. Kwenye grupu sikutuma picha. Nikamwita mama aje aone. Akaja, akakigusa kwa kiganja, akakikunja na kukikunjua, akasema ni kizuri, Mungu anibariki, ipo siku atapanda. Wiki zikapita. Kila nikimwambia twende, goti linamuuma, au kuna jua, au kuna mawingu. Mwisho nikaacha kuuliza.

Kilichonishinda ni kule kunitetea. Laiti angenigombeza, ningekasirika, ningejibu, tungeyamaliza. Mie ni mtu wa hasira za karibu, ugomvi naujua. Lakini kila mgeni aliyekuja na kuisifia pikipiki, mama alikuwa anarudia yaleyale ya kuoza, kwa uso mkavu kabisa, ananibebea uongo wangu kama mzigo wa nyumbani. Nikawa namkimbia. Nikisikia wageni nakula kona.

Jumapili moja nilimkuta kibarazani peke yake na ungo wa mchele. Nikakaa kwenye ngazi, chini yake kidogo. Nikamwambia hakikuwa kimeoza.

"Najua," akasema, anaendelea kuchambua. "Nilisikia mnavyokikata. Kilichooza hakisumbui vile."

Nikamwambia nisamehe, mama. Akasema alishanisamehe siku ileile. Chombo ni changu, baba yangu kaniachia, na kijana lazima apende mambo ya vijana. Aliyasema bila kunisuta, na kidogo mzigo ukaanza kunishuka. Halafu akatoa chuya, akairusha kwa kuku, akasema, "Nilikuita, lakini si kukukataza. Nilitaka ukishakikata uniletee ndani. Kingekaa chini ya kitanda tu, ningekuwa nacho."

Ningenyamaza hapo. Alikuwa amenipa njia ya kutoka, pana, na hata yeye mwenyewe hakujua kwamba amenipa. Lakini nilikuwa nimechoka kubebwa.

"Nilikusikia," nikamwambia. "Mara zote mbili, mama. Nilikusikia, nikanyamaza."

Mikono yake ikasimama ndani ya mchele. Hakunitazama. Nilipomwangalia usoni nikaona kwamba hiki ndicho alichokuwa hana habari nacho.

"Hilo sikulijua," akasema. "Nilijiambia ni mlio wa grainda."

Akasema sawa. Akamaliza kuchambua, akainuka na ungo wake, akaingia ndani. Hakuna kilichoharibika baina yetu ambacho mtu wa nje angekiona. Tunakula pamoja, tunacheka, ananiombea dua nikitoka. Ila mama hajaniita tena. Akiwa na haja na mie, hata nikiwa kule mwisho wa uani, ananyanyuka, anajikongoja na goti lile mpaka nilipo, anasimama pembeni yangu, na anasubiri nimwone.